Mama Glavu na Tangi la Kostiki

Mashine ilikataa kidole cha kwanza, ikakataa cha pili, na Mama Glavu alipofika kwenye gumba la mkono wa kushoto, mlinzi wa geti akamshauri, kwa upole kabisa, ajaribu na vya miguu.

Nyuma yake foleni ilikuwa imefika barabarani. Mashine ilikuwa ngeni, imetundikwa ukutani karibu na kibanda cha mlinzi, kitu cheusi kisichozidi kipande cha sabuni, chenye kioo kidogo cha kuwekea kidole. Kwa wengine wote ililia piii, taa ikawa ya kijani, na mtu akaingia kazini. Kwake iliwaka nyekundu na kukaa kimya kama mtu aliyenuna. Fundi aliyekuja kuifunga aliushika mkono wake, akaugeuza huku na huku kama anayechagua kiazi sokoni, akausogeza kwenye mwanga.

"Mama, vidole vyako vimefutika," alisema.

"Vimefutika nini?"

"Mistari. Hakuna cha kusoma hapa."

Fundi wa presi, mtu mnene mwenye maneno mengi, alimwita Mama Glavu shemeji kwa sababu tu mkewe naye husukwa nywele kwa msusi mmoja. Huyo akasema kutoka nyuma kwamba heri yake shemeji, sasa anaweza kuvunja benki na asijulikane. Watu wakacheka, naye akacheka nao. Mlinzi akamfungulia mlango mdogo kwa mkono. Lakini alipofika ndani alisimama kidogo chini ya dirisha, akavitazama vidole vyake kimoja kimoja. Vilikuwa laini, vinang'aa kama ganda la yai kwa ndani. Kwamba vimechoka alijua siku nyingi. Kwamba vimeondoka hakujua.

Karakana ile ilitengeneza mbao za katani. Nyuzi za mkonge zinalazwa tabaka juu ya tabaka, zinamiminiwa gundi, zinabanwa kwenye presi yenye moto, na kinachotoka ni ubao mwepesi wa milango na wa viti vya mabasi. Siri yote iko kwenye kuosha. Uzi wa mkonge huzaliwa na nta yake na utomvu wake, na gundi ikiwekwa juu ya nta haishiki; ni kama kubandika plasta kwenye ngozi iliyopakwa mafuta. Kwa hiyo kabla ya yote nyuzi hulazwa kwenye tangi la kostiki, dawa kali ya viwandani. Kostiki inakula nta. Ikiachwa inakula na uzi, na ikipata nafasi inamla na anayeosha. Maji yake yakimwagwa kwenye mtaro wa nyuma hayaachi hata jani.

Ndiyo maana palikuwa na kengele, na mwenye kengele alikuwa msimamizi. Huyu aliitwa Dakika, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumsikia akihesabu muda kwa saa. Kwake chakula cha mchana kilikuwa dakika arobaini, mimba ilikuwa dakika laki nne kasoro kidogo, na kulaza nyuzi kwenye kostiki ni dakika mia mbili na arobaini. Zikitimia anagonga kengele, na nyuzi zinatolewa hata kama mtu ana tonge mdomoni.

Jina la Mama Glavu alipewa na watu wa presi. Asubuhi, kabla ya kujibu salamu, alikuwa anaangalia mikono ya mtu. Glavu ziko wapi. Hizo zimetoboka. Hizo zote mbili ni za kulia, umezitoa wapi. Alikuwa mtu wa wasiwasi tangu tumboni kwa mama yake. Akitoka nyumbani alirudi kuhakikisha jiko limezimwa, kisha alirudi tena kuhakikisha kwamba ile mara ya kwanza hakuota. Shule aliiachia kwenye hesabu za kugawanya, lakini alijua bila kuandika popote tangi linajaa kwa ndoo ngapi, nani ana kikohozi, na hatua ngapi ziko kati ya tangi na bomba la maji endapo mtu atarukiwa. Ni tisa. Alizipima akiwa amefumba macho, kwa kuwa anayerukiwa na kostiki machoni haoni njia.

Sasa mtu wa namna hiyo anafutikaje vidole? Kwa kazi yenyewe. Nyuzi zikitoka kwenye kostiki zinasuuzwa mara nyingi, na hakuna kipimo cha kujua kama zimetakata ila kidole kitupu. Unauvuta uzi kati ya kidole na gumba. Ukiteleza kama sabuni, kostiki bado ipo. Ukikwaruza, tayari. Glavu haisikii utelezi. Kwa hiyo kwa miaka kumi na moja, kila siku ya kazi, mwanamke aliyewapigia wengine kelele za glavu alikuwa akivua zake.

Ilipopita wiki moja tangu mashine ifungwe, siku ya Ijumaa, Dakika alimwita ofisini. Ofisi ilikuwa kona iliyozungushiwa mbao zao wenyewe, yenye kidirisha kinachotazama tangi. Alikuwa na karatasi iliyotoka kwenye kompyuta.

"Inasema hapa siku sita hukuja kazini," alisema.

"Na huyu unayeongea naye ni nani?"

"Mimi nakuona, mama. Ila mimi si kompyuta."

Aliyasema bila ubaya, kama mtu anayeeleza hali ya hewa. Kisha akafafanua. Bosi ameagiza kwamba asiyesomwa na mashine hahesabiwi, na tangi haliwezi kuwa mikononi mwa mtu asiyehesabiwa. Kuanzia tarehe mosi, Jumatatu, yaani baada ya siku kumi, Mama Glavu atahamia kwenye kufagia, kibarua wa siku kwa siku. Tangi atapewa binti yake, pamoja na barua ya ajira ya kudumu.

"Ningempa mtoto wa mwingine ungesema nimekunyima," alimaliza Dakika, akisubiri kushukuriwa.

Mama Glavu hakushukuru. Alitoka, akatembea hatua tisa kutoka tangini mpaka kwenye bomba, akanawa uso.

Binti huyo karakana nzima ilimwita Kifaranga, kwa kuwa hakuonekana mbali na mama yake. Alikuwa na miaka ishirini, miezi minne kwenye meza ya kupanga nyuzi, na mikono myepesi kuliko ya wote pale mezani. Jioni ile aliwahi kufika nyumbani. Mama yake alikuta vyumba vyote viwili vimefagiliwa, kitanda kimetandikwa, na binti amekaa juu yake kama bibi harusi. Alikuwa ameshaambiwa. Barua ya kudumu, kwa umri wake, na wenzake aliomaliza nao shule bado wanazunguka na vyeti kwenye mifuko ya plastiki. Mama Glavu alimwacha aseme mpaka akamaliza, kisha akamwambia hapana. Binti akauliza hapana nini. Akaambiwa hapana yote.

"Mama, tangi hilo ndilo lililonisomesha."

"Ndiyo. Lilikusomesha usije ukalishika."

"Basi ashike nani? Mtoto wa nani?"

Hilo lilimkera, kwa sababu lilikuwa swali la haki. Alikuwa ameingia nyumbani na mpango wa kumtoa mwanawe tu, aombe, apige magoti ikibidi. Lakini mwanawe akitoka, tangi halitoki. Litakaa palepale na mfuniko wake, linasubiri mikono ya mtoto mwingine ambaye mama yake pia anarudi mara mbili kuangalia jiko. Akaenda kuosha vyombo, kama ilivyokuwa kawaida yake akishindwa na swali.

Na pale kwenye beseni mkononi alikuwa ameshika dodoki.

Madodoki hayo aliyatengeneza mwenyewe kwa mabaki ya katani aliyoruhusiwa kubeba. Kitu cha kusugulia sahani ya mtoto asingekiosha kwa kostiki hata angeshikiwa panga. Aliyaloweka kwenye magadi, haya haya ya sokoni ambayo watu hutia kwenye maharage yaive upesi. Yalitoka meupe, magumu, na hayakunyonyoka. Hilo aliloshika lilikuwa la mwaka juzi.

Wazo lenyewe halikuwa jipya, na hapo ndipo palipokuwa na aibu. Mwaka uliopita alilipeleka kwa Dakika, naye Dakika akakubali jaribio moja. Wakatia magadi kwenye pipa, nyuzi zikalala, kengele ikagongwa, nyuzi zikatoka. Ubao ulipopimwa ulivunjika kwenye chuma cha sita tu, na pale ulipovunjikia nyuzi zilichomoka nzima nzima kama meno ya utotoni. Mwezi mzima baada ya hapo fundi wa presi alimwuliza kila mchana kama maharage yameiva.

Sasa alisimama na dodoki linachuruzika, akajiuliza swali ambalo hakujiuliza mwaka mzima. Haya aliyaloweka kwa muda gani? Aliyaloweka Jumapili, kwa kuwa ndiyo siku yake ya kupumzika. Aliyatoa Ijumaa, kwa kuwa Ijumaa karakana hufunga mapema. Siku tano. Na ile siku ya jaribio, nani alizitoa nyuzi pipani? Alizitoa yeye. Kengele ililia na mikono yake ikaingia yenyewe, kabla hajafikiri, kwa kuwa mikono hiyo ilifundishwa kwamba kengele ikilia uzi unaobaki unaoza. Na si yeye tu. Wote walisimama pale, mafundi kwa msimamizi, na hakuna aliyesema kwamba magadi si kostiki. Kitu kipole walikigongea kengele ya kitu kikali.

Alicheka peke yake mpaka binti akaja mlangoni kuuliza kuna nini.

"Nilikuwa mjinga kwa dakika mia mbili na arobaini," alisema. "Kimbia dukani, kaniletee magadi. Kilo moja kwa kila lita kumi za maji, na pipa letu la bluu unajua linaingia lita ngapi."

Binti alikwenda, ila alikwenda amenuna. Kwake yeye hizo zilikuwa mbinu za mama za kumzuia, kama zile za kumkataza kuogelea na kumkataza pikipiki. Nyuzi mbichi za mabaki ya karakana zikalala pipani nyuma ya nyumba, zimekandamizwa kwa jiwe, na kila asubuhi Mama Glavu alikwenda kazini, akaweka kidole, akakataliwa, akafunguliwa mlango mdogo, akaosha nyuzi za kostiki kutwa nzima bila kuhesabiwa.

Jumatano walipotoka kazini jua lilikuwa bado juu. Walizitoa nyuzi pamoja. Zilikuwa zimejikunjua na kupauka, maji yamegeuka rangi ya chai. Walisuuza maji ya kwanza, walisuuza ya pili. Mama Glavu akavuta uzi kati ya kidole na gumba, akasema tayari.

Binti naye akavuta. "Bado, mama. Unateleza."

Mama Glavu akavuta tena. Akabonyeza kwa nguvu zaidi. Binti aliacha kusuuza, akawa anautazama mkono ule.

"Husikii?"

Mama Glavu akaupandisha uzi mdomoni, akaupitisha taratibu kwenye mdomo wa chini, akatikisa kichwa. Kweli, bado. Alikifanya kitendo hicho kama mtu anayejifuta jasho, bila kukifikiria. Binti ndiye aliyefikiri. Kwenye mdomo huo wa chini palikuwa na ufa ambao haukupona tangu binti alipokuwa mtoto wa shule, na kila alipouulizia aliambiwa ni baridi.

"Na kule kazini," binti aliuliza, "unapimaje?"

"Hivi hivi."

"Nyuzi za kostiki, mama?"

"Kidogo tu. Nikishasuuza sana."

Binti aliinama, akasuuza maji ya tatu na ya nne, na kwenye ya mwisho akakamua malimau mawili kuua magadi yaliyobaki. Kila mara alivuta uzi mwenyewe, na kila mama yake alipoupeleka mkono usoni aliushika na kuushusha chini. Maji ya kwanza Mama Glavu hakukubali yamwagwe karibu na mboga za jirani mpaka yazimuliwe na ya kufulia. Magadi ni mapole, alisema, lakini hakuna sababu ya kumjaribu mtu aliyetulia.

Alhamisi na Ijumaa nyuzi zilikauka kwenye waya wa nguo. Vidole havikumwambia kama zimekauka, kwa hiyo alizikunja karibu na sikio na kuzisikiliza. Zilipoanza kunong'ona kama makaratasi akaridhika.

Jumamosi wakati wa chakula alimfuata fundi wa presi. Alimwomba mbao mbili, uzito mmoja wa nyuzi, gundi ileile, moto uleule: moja ya nyuzi za tangi, moja ya nyuzi zake. Fundi alimwuliza kwanza, kwa mazoea, kama maharage yameiva. Kisha akatazama nyuzi, akazitazama tena, na utani ukamtoka. Mama Glavu akamwuliza je, akikamatwa?

"Nikamatwe kwa ajili ya nani, shemeji? Kwa mujibu wa kompyuta hapa nimesimama peke yangu."

Mbao zilipotoka zilifanana kama mapacha. Kwenye ubao wa tangi Mama Glavu alichora mkwaruzo mmoja kwa msumari, kwenye wa magadi miwili, akazificha nyuma ya makopo ya gundi.

Jumatatu, tarehe mosi, alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aitwe mama. Aliondoka nyumbani bila kufunga mlango. Kufuli la mlango lilikuwa kwenye mfuko wake. Alifika barabarani, miguu ikataka kurudi, akaikataza.

Getini binti aliweka kidole, piii, kijani. Yeye aliweka kidole, nyekundu. Mlinzi akafungua mlango mdogo. Alikwenda moja kwa moja kwenye tangi, akashusha mfuniko wa chuma, akapitisha kufuli kwenye pete zake, akalibana. Kisha akapanda juu ya mfuniko, akakaa, akavuta nguo yake ikafunika magoti.

Dakika alifika akiwa na glavu mpya ndani ya pakiti. Alisimama. Alitazama kufuli, akatazama saa ya mkononi.

"Mama, shuka."

"Nani?"

"Wewe."

"Hebu angalia kwenye kompyuta kama nimekuja."

Kwenye presi mtu alikohoa kikohozi ambacho hakikuwa cha kuumwa. Dakika alieleza kwamba mteja wa viti anasubiri, kwamba kila dakika ya tangi kufungwa ni hasara, kwamba yeye binafsi hana tatizo naye. Mama Glavu alimwambia hata yeye hana tatizo naye, ndiyo maana amekaa juu ya tangi na si juu yake. Hapo Dakika akaenda kumwita bosi.

Bosi alikuwa mtu mpole wa suti ya kijivu, ambaye jibu lake kwa kila jambo lilikuwa "tutaliangalia". Paa lilipovuja alisema hivyo, na lilikuwa bado linavuja. Mama Glavu alimwamkia, hakushuka, akamwambia haombi kazi yake irudi kama ilivyokuwa. Anaomba mbao mbili zipimwe sasa hivi, mbele ya watu. Zile nyuzi za mwaka jana zilitolewa kabla ya wakati, akasema, na aliyezitoa ni yeye mwenyewe. Kosa lake amelileta leo kulirekebisha.

"Tutaliangalia," alisema bosi.

"Liangalie tu, bosi. Mbao ziko nyuma ya makopo ya gundi."

Kipimo chao kilikuwa meno mawili ya chuma ambayo ubao hulazwa juu yake, na ndoano katikati ya kutundika vyuma vya kilo tano tano. Mteja alitaka ubao ustahimili vyuma kumi. Fundi wa presi alitundika, Kifaranga akahesabu kwa sauti. Ubao wenye mkwaruzo mmoja ulifika kumi, ukafika kumi na moja, kwenye cha kumi na mbili ukavunjika, kama mbao za tangi zilivyovunjika siku zote. Ukalazwa wenye mikwaruzo miwili.

Kutoka juu ya mfuniko Mama Glavu hakuona vizuri, na hakutaka kushuka. Alisikiliza tu sauti ya mwanawe. Sita ilipita, ile sita ya aibu. Kumi ikapita. Kwenye kumi na moja ubao ulilia kidogo, na yeye akaushika mfuniko kwa mikono yote miwili. Kumi na mbili. Kumi na tatu. Cha kumi na nne ndicho kilichoumaliza, na mlio wake ulikuwa kama kofi.

"Nileteeni hapa," alisema.

Aliletewa. Hakuuliza habari ya idadi. Alitazama pale palipovunjikia. Nyuzi zilikuwa zimekatika palepale kwenye mpasuko, hakuna hata moja iliyochomoka. Gundi ilikuwa imezishika mpaka mwisho. Akampa bosi ubao huo, na bosi akaupitishia kidole, kidole chenye mistari yake yote.

Dakika alikuwa ameshapiga hesabu. "Siku tano," alisema. "Dakika elfu saba na mia mbili. Mteja atakaa akisubiri nyuzi zilale?"

"Ukiwa na pipa moja, atasubiri," alisema Mama Glavu. "Weka sita. Kila siku ya kazi na pipa lake. La Jumatatu utalifungua Jumatatu, la Jumanne Jumanne. Zikizidi siku mbili magadi hayali uzi, hayana hasira hiyo. Wiki ya kwanza ikishapita, kila asubuhi utakuta pipa moja limeiva."

"Na hiyo wiki ya kwanza?"

"Stoo kuna nyuzi zilizooshwa za siku nane. Nimezihesabu."

Midomo ya Dakika ilicheza kidogo, na kila aliyemjua aliona kwamba anahesabu, na kwamba hesabu inakataa kumtii. Bosi alisema ni wazo zuri na kwamba watalijadili kwenye kikao. Kwa leo kazi iendelee kama kawaida. Dakika akashika nafasi hiyo, akampa binti ile pakiti.

"Kifaranga, vaa glavu. Mwambie mama yako ashuke uanze kazi."

Hapo Mama Glavu aliogopa kweli. Kwa Dakika alikuwa na jibu, kwa bosi alikuwa na ubao. Kwa mwanawe hakuwa na kitu. Barua ilikuwa kwenye faili chini ya kwapa la bosi, kona yake nyeupe inaonekana, na alijua jinsi binti alivyoiota. Akiamua kuichukua, mama atashuka. Hawezi kupigana na mtoto mbele ya watu.

Binti aliichukua pakiti, akaigeuza, akayasoma maandishi yake kama mwenye siku nzima. Kisha akakanyaga ukingo wa tangi, akapanda, akakaa kando ya mama yake.

"Barua naitaka, bosi," alisema. "Tangi silitaka. Vidole vyangu vinasomeka, naomba vibaki hivyo."

Fundi wa presi akanyoosha mkono, akazima presi, na ngurumo yake, ambayo kwa miaka mingi hakuna aliyekuwa akiisikia, ikasikika kwa kukatika. Meza ya kupanga nyuzi nayo ikaacha. Bosi aligeuka kutazama presi, akatazama watu, akautazama ubao uliokuwa bado mkononi mwake. Alianza kusema lile neno lake na likamwishia katikati.

"Mapipa yako wapi?" aliuliza.

Mawili yalikuwepo stoo, manne yalikuja kabla ya mchana. Kifaranga alipewa barua yake, ya mapipa na kusuuza, na kwenye kusuuza magadi vidole vyake ndivyo vinavyosema tayari au bado. Mama Glavu ndiye anayeyasimamia yote sita, na hakuna tena anayemwambia afagie. Kuhusu kuhesabiwa, alikataa kuondoka ofisini mpaka mlinzi akapewa daftari la kumwandika kwa kalamu. Kila asubuhi bado anaweka kidole kwanza. Mashine inawaka nyekundu, yeye anaitazama mpaka izime, kisha anachungulia juu ya bega la mlinzi kuhakikisha jina limeandikwa lote.

Kengele ipo, lakini siku hizi Dakika anaigonga kwa chakula tu. Wiki iliyofuata alikuja kwa Mama Glavu kuomba ufunguo. Yamekuja maombi ya haraka, alisema, mbao chache tu, tangi lifunguliwe mara moja, dakika mia mbili na arobaini, kisha lifungwe.

Mama Glavu alikuwa anapima magadi. Hakuinua kichwa.

"Ufunguo anao mtu ambaye hayupo," alisema. "Kamwulize kwenye kompyuta."

Kufuli liko palepale mpaka leo. Mlango wa nyumbani kwake anaufunga kwa kamba ya katani aliyoisokota mwenyewe, nyuzi za pipa la Alhamisi, na bado hurudi mara mbili kuhakikisha ameikaza.